Saa Tisa na Nusu Alasiri: Masomo, Sanaa na Michezo katika Shule ya Upili ya Umma



Nitaanza na sheria, maana ndiyo tunayoisahau upesi zaidi. Kanuni za Elimu ya Msingi za Kenya za mwaka 2015 zimeipanga siku ya mwanafunzi wa kutwa saa kwa saa. Vipindi vya darasani vinaanza saa mbili asubuhi na kukoma saa tisa na nusu alasiri. Kutoka hapo hadi saa kumi na moja kasorobo ni wakati wa michezo, muziki, drama na vyama vya wanafunzi. Kanuni hazikusema “ikiwezekana”, wala hazikusema “kwa wenye vipaji”. Ni saa moja na robo ya kila mtoto, siku tano kwa wiki.

Sasa tembeleeni shule zetu nyingi saa hiyo. Uwanjani mna ng'ombe wa jirani wa shule. Kidato cha Nne wamo darasani wakipigwa msasa wa Hisabati, Kidato cha Tatu wanafanya jaribio la wiki. Wanaokimbia ni ishirini na kidogo, timu ya shule, kwa kuwa mashindano ya kaunti ndogo yanakaribia. Wakitolewa, mipira inarudi stoo, stoo inapigwa kufuli, na mwalimu wa michezo anarudi kwenye vitabu vyake vya kusahihisha hadi msimu mwingine.

Ninachotaka kusema jioni hii ni hiki: shule zetu za umma zilipofanya kazi yake vizuri, mtoto yule yule ndiye aliyebeba kitabu, ngoma na mbio, na mara nyingi mikononi mwa mwalimu yule yule. Mfumo mpya wa mikondo mitatu katika sekondari ya juu una mazuri yake, na nitayataja. Lakini unaweza kutuzoesha kuamini kwamba mambo haya matatu ni ya watoto watatu tofauti.

Tuelekee Iten, Elgeyo Marakwet. Mwaka 1976 Bruda Colm O'Connell aliwasili kutoka Ireland kufundisha Jiografia katika shule ya wavulana ya St. Patrick's. Hakuwa mkufunzi wa riadha. Timu ilikuwa chini ya mwalimu mwingine, Peter Foster, ndugu yake Brendan Foster, mwanariadha maarufu wa Uingereza. Foster alipoondoka, kazi ikamwangukia mwalimu wa ramani na mito, naye akajifunza kwa kuwatazama wavulana wenyewe wakikimbia. Yaliyofuata mnayajua. Ibrahim Hussein alishinda marathoni ya New York mwaka 1987 na ya Boston mwaka uliofuata, Mwafrika wa kwanza kushinda mbio hizo. Peter Rono alitwaa dhahabu ya mita 1500 Seoul mwaka 1988, Matthew Birir ya kuruka viunzi na maji Barcelona mwaka 1992. Wilson Kipketer aliweka rekodi ya dunia ya mita 800 mwaka 1997, dakika 1 na sekunde 41.11, iliyodumu hadi 2010, na aliyeivunja, David Rudisha, alikuwa pia amelelewa kiriadha na bruda yule yule.

Wageni wakisimuliwa haya huuliza juu ya mwinuko. Ni kweli, Iten iko kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Lakini mwinuko ule haukuanza mwaka 1976. Kilichoanza ni mtu mzima mmoja kukaa uwanjani na watoto kila alasiri, mwaka baada ya mwaka, na kuwajua kwa majina, kwa alama zao za mtihani na kwa hatua zao.

Halafu kuna jambo ambalo masimulizi ya riadha hulipita mbio. Hussein alikwenda Chuo Kikuu cha New Mexico, akasoma uchumi. Rono alikwenda Mount St. Mary's, Maryland. Kipketer alifika Denmark akiwa mwanafunzi. Vyuo vya Marekani vya wakati ule vilitafuta wakimbiaji, naam, lakini havikumchukua mkimbiaji asiye na cheti. Mbio zilibisha hodi. Aliyekaribishwa ndani alikuwa kijana aliyefaulu mtihani. Mzazi anayemwambia mwanawe achague kati ya uwanja na daftari angefaa kusikia hadithi hii hadi mwisho.

Kutoka Iten tuteremke magharibi hadi Kakamega. Huko Waisukha na Waidakho wana isukuti, ngoma ambayo UNESCO iliiweka mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Mnaokwenda Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo limekuwapo tangu 1927, mmeiona isukuti jukwaani ikipigwa na wanafunzi. Nataka tuitazame mazoezini, kabla ya jukwaa.

Ngoma ni tatu: kubwa, ya kati na ndogo. Desturi ni kuziwamba kwa ngozi ya kenge. Kabla ya kupigwa zinaanikwa juani ili ngozi ikaze. Asubuhi ya baridi sauti inakuwa butu na mwalimu hupandisha sauti yake bure. Mpigaji wa ngoma ndogo anashikilia mdundo mmoja usiobadilika, na hapo ndipo kazi ilipo, kwa sababu ile kubwa inamchokoza, inakatiza, inatangulia, inachelewa. Kijana akifuata masikio badala ya mdundo wake, kundi zima linaanguka. Nimewaona wanafunzi wakirudia kipande kimoja hadi viganja vinawaka, bila kiboko na bila ahadi ya alama. Sijui ni kipindi gani kingine cha siku ya shule ambamo mtoto wa miaka kumi na sita hujirekebisha mwenyewe kwa bidii ile. Ngozi hiyo hiyo iliyolegea kwa baridi ni somo la Fizikia pia, kama mwalimu wa Fizikia angetoka nje akaliona.

Butere, kaunti hiyo hiyo, inatupa somo gumu zaidi. Tamasha la drama la shule lilianza mwaka 1959, na kwa miongo mingi limekuwa mahali ambapo taifa hili hujisikia likisemwa na watoto wake. Mwaka 2013 mchezo wa Butere Girls, “Shackles of Doom”, ulizuiwa kufika fainali za kitaifa, hadi Mahakama Kuu ilipoamuru uchezwe. Miaka kumi na miwili baadaye, Aprili 2025, shule hiyo hiyo ikaleta “Echoes of War” wa mwandishi yule yule, Cleophas Malala. Kesi ikarudi mahakamani, amri ikatolewa tena kwamba wacheze. Huko Nakuru, kwenye fainali za kitaifa, mwandishi akiwa amekamatwa na polisi wakirusha vitoa machozi nje, wasichana waliimba wimbo wa taifa wakaondoka bila kuigiza.

Unaweza kuupenda mchezo ule au kuuchukia. Mimi nina maoni yangu na si ya leo. Ninachouliza kama mwalimu ni hiki: ni mtihani gani wa Historia na Serikali uliowafundisha wasichana hao maana ya amri ya mahakama, ya kibali, ya hadhira, kwa kina kama wiki ile? Wanaosema drama ni kupoteza wakati wa masomo watueleze kwa nini dola nzima iliuchukulia wakati huo uliopotea kwa uzito namna ile.

Grace Ogot alisoma Butere, akasomea uuguzi, akaandika riwaya na hadithi fupi, akaishia bungeni. Leo angekuwa katika mkondo gani?

Hapo ndipo tulipofika. Januari mwaka 2026 kundi la kwanza la Gredi ya 10 liliingia sekondari ya juu, likiwa limegawanywa katika mikondo mitatu: wa Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati; wa Sayansi za Jamii; na wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Matarajio ya serikali ni kwamba asilimia 60 wachukue wa kwanza, 25 wa pili, na 15 wa tatu. Nasema bila kigugumizi kwamba kuupa muziki, uigizaji na michezo mkondo wake ni hatua ambayo kizazi changu hakikuthubutu kuiota. Chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, tuliwahi kuwatahini watoto wa msingi muziki na sanaa, kisha mwanzoni mwa miaka ya 2000 karatasi zikapunguzwa, na somo lisilotahiniwa likafa kifo cha ratiba: limeandikwa ukutani, halifundishwi.

Wasiwasi wangu ni asilimia 85 nyingine. Elimu ya viungo imebaki kuwa ya wote kwenye karatasi, kama ilivyokuwa zamani. Mkuu wa shule mwenye walimu wachache na wazazi wanaodai matokeo sasa ana kisingizio kilichopigwa muhuri: ngoma zina wenyewe. Na ule mkondo wa tatu, shule isipokuwa na studio, ala wala mwalimu, utageuka kuwa mahali pa kumwegesha mtoto ambaye Kemia ilimkataa. Hakuna njia ya haraka zaidi ya kuidhalilisha sanaa kuliko hiyo.

Sitaki mniweke kundini mwa wazee wanaolilia zamani. Zamani ilikuwa na mamluki wa miaka ishirini na mitatu wakicheza na watoto, na wachezaji wakihamishwa kutoka shule hadi shule kama bidhaa, cheti chao kikiwa hakimhusu mtu. Ilikuwa na wasichana waliofungiwa mabwenini wakisuka mikeka huku wavulana wakipewa basi. Timu iliyoshinda kikombe cha kanda haikuwa daima shule inayocheza. Mara nyingi ilikuwa wachezaji kumi na mmoja na watazamaji mia nane. Kipimo changu ni kile cha watazamaji. Shule inayofika fainali za Nakuru au Mombasa kila mwaka huku theluthi mbili za wanafunzi wake hawajawahi kushika mpira wala kusimama jukwaani, mimi siihesabu kuwa shule ya michezo.

Kuhusu fedha nitasema kidogo, kwa kuwa mwalimu mkuu yeyote hapa anajua zaidi. Mgao wa shilingi 22,244 kwa mwanafunzi wa kutwa una fungu la shughuli hizi ndani yake. Mgao ukichelewa au ukipunguzwa, fungu hilo ndilo la kwanza kuliwa, na hakuna mzazi anayeandamana kwa ajili ya wavu wa voliboli.

Lakini baadhi ya lawama ni zetu, hapa chuoni. Tunafuzisha walimu wa Biolojia ambao hawajawahi kuongoza kwaya ya watu kumi, na walimu wa Kiswahili waliochambua tamthilia kwa miaka minne bila kuigiza onyesho moja. Tunapokwenda kuwakagua katika mazoezi ya ufundishaji, tunaketi nyuma ya darasa kwa kipindi kimoja, tunajaza fomu, tunapanda gari kabla ya saa nane. Hatujawahi kumwona mwanafunzi wetu akiwa mwalimu alasiri.

Napendekeza mbele ya Kitivo, na nimeshaliandika hili kwa Mkuu wa Kitivo, kwamba kila mwalimu mwanafunzi, hata awe wa Hisabati, aende shuleni akiwa amejiandikisha kwa mchezo mmoja au sanaa moja atakayoishika muhula mzima. Kwamba mkaguzi abaki amwone akiifanya. Na kwamba alama hiyo iwe na uzito sawa na ya darasani. Wenzangu wawili wamekwisha kuniambia kuwa posho ya usafiri haitatosha kwa kubaki hadi jioni. Wana haki. Basi tuanze na hilo la posho, katika kikao cha bajeti.