Miwani Wakati wa Masika

(Hotuba iliyotolewa kwa wajumbe wa kamati za maendeleo za parokia na wageni wafadhili, kabla ya mvua za masika)

Ndugu wajumbe, ndugu wafadhili wetu mliofika kukaa nasi leo,

Ajenda yetu ni ndefu, lakini tumeomba tuanze na jambo linaloonekana dogo, nalo ni utunzaji wa miwani wakati wa mvua. Huenda baadhi yenu mnajiuliza miwani inaingiaje katika kikao cha maendeleo.

Mtu akivuka miaka 40 macho yake huanza kuchoka kuona vitu vya karibu. Huo si ugonjwa, ni umri. Lakini fundi cherehani asiyeweza kutunga uzi hana kazi, na mama asiyeweza kusoma ujumbe wa pesa kwenye simu yake humpa mtu mwingine amsomee, pamoja na siri yote iliyomo. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa wachumaji chai wa Assam, India, wenye umri wa miaka 40 na zaidi. Waliopewa miwani ya kusomea walichuma chai nyingi kuliko wenzao ambao walikuwa hawajapewa, na tofauti ilizidi asilimia 20. Sisi tulio jirani na mashamba ya chai ya Usambara Mashariki hatuhitaji kuelezwa zaidi maana ya asilimia 20 kwa mtu anayelipwa kwa kilo.

Sasa basi, miwani hiyohiyo ikimfikia mtu mwezi Januari, yaweza kuwa imekwisha mwezi Juni. Kinachoimaliza ni masika. Kuanzia Machi hadi Mei, huku pwani ya Tanga na Pangani kuna unyevunyevu pamoja na chumvi ya bahari, na kule juu Amani kuna ukungu na nguo zisizokauka. Skrubu ndogo ya bawaba inaota kutu, inalegea na kudondoka, na mkono wa miwani unaanguka. Mwenye miwani anaifunga kwa uzi wiki moja au mbili, halafu anaiweka juu ya kabati. Hapo msaada wote umeishia kabatini kwa sababu ya skrubu moja.

Tuanze na usafi, maana hapo ndipo miwani nyingi huharibikia. Lenzi za siku hizi karibu zote ni za plastiki. Ni nyepesi na hazipasuki ovyo kama za kioo, lakini hukwaruzika upesi. Wakati wa mvua tope hurukia usoni, likikauka huwa mchanga, na anayelisugua kwa pindo la khanga anapiga msasa. Kwanza mwaga maji safi juu ya lenzi mchanga uondoke. Kisha weka tone moja la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, pitisha vidole taratibu, suuza, na ufute kwa kitambaa laini cha pamba ambacho hakifanyi kazi nyingine. Sabuni ya unga haifai, majivu hayafai, na dawa ya meno ambayo watu wengi wanaisifia ndiyo mbaya kabisa kwa sababu ina chembe za kusugulia.

La pili ni moto. Wakati wa masika kila kitu kinaanikwa kando ya jiko, kuanzia viatu hadi daftari za watoto, na miwani nayo inawekwa hapohapo. Tafadhali msifanye hivyo. Lenzi nyingi zina utando mwembamba juu yake. Plastiki ikipata joto hutanuka kuliko ule utando, na utando hupasuka nyufa ndogondogo kama tope la jaruba lililokauka. Nyufa hizo hazitoki kwa kusafisha. Ndiyo maana pia miwani isiachwe mbele ya kioo cha gari juani. Kitambaa kikavu kinatosha kabisa kuikausha.

Kuhusu mvuke unaoziba miwani mtu anapoingia jikoni au anapopumua kwenye baridi ya asubuhi, hilo halina madhara. Subirini kidogo utatoweka wenyewe. Mwenye kukereka apake sabuni kidogo sana kwenye lenzi safi, kisha aifute hadi ing'ae.

Fremu za chuma zina shida yake. Jasho lina chumvi, na chumvi ikikutana na unyevu chuma huliwa. Ile rangi ya kijani mnayoiona kwenye vile vipande laini vya puani hutokana na shaba iliyomo ndani ya fremu. Ioshwe kwa sabuni na mswaki laini wa zamani, bila kugusa lenzi, na vipande vikishakuwa vigumu vibadilishwe. Kwa skrubu, dawa ipo kwa kila fundi cherehani: mafuta ya mashine. Chukua tone dogo kwa ncha ya sindano, gusa bawaba ya chuma, kisha futa yanayobaki. Kwenye fremu ya plastiki msitie, maana kuna plastiki zinazopasuka zikigusana na mafuta. Na gundi kali ya kuunganishia viatu iwekwe mbali. Mvuke wake ukitua kwenye lenzi huacha weupe kama wa maziwa.

Kikasha ni kizuri, lakini miwani mbichi ikifungiwa ndani yake huota kuvu, hasa penye mafuta ya ngozi. Ikauke kwanza. Kikasha chenyewe kifunguliwe na kuanikwa kila jua linapotoka, huku miwani ikibaki kivulini.

Ndugu wajumbe, kuna jambo moja lisichanganywe na haya. Mzee akisafisha miwani yake vizuri na bado analalamika kwamba anaona ukungu, msimwambie ni unyevu wa masika. Huenda ni mtoto wa jicho, na hilo halisubiri mvua ziishe. Apelekwe kwa wataalamu wa macho. Vivyo hivyo, miwani ya marehemu babu isigawiwe kwa anayeitaka kabla macho yake hayajapimwa, hata kama anasema inamfaa.

Sasa tunawageukia wafadhili wetu. Taarifa za miradi ya macho hupenda kutaja ni watu wangapi waliopewa miwani. Tunaomba taarifa ya mwaka huu iwe na safu nyingine: ni wangapi bado wanaivaa mwezi Juni. Safu hiyo haitajazwa vizuri bila fedha kidogo ya vitu visivyopendeza kupigwa picha, yaani skrubu, vipande vya puani, vikasha na bisibisi ndogo. Tunajua ni rahisi zaidi kumchangishia mtu miwani mpya kuliko skrubu. Hata hivyo tunaomba skrubu.

Kwa upande wa kamati, kila kigango kitenge Jumapili moja ya Februari, baada ya ibada, watu walete miwani yao. Aalikwe fundi saa au fundi simu, kwa kuwa hao tayari wana bisibisi za kiasi hicho na mkono uliotulia. Akina mama wa cherehani wanaweza kutoa vipande vya pamba vilivyobaki mezani, vikafuliwa na kukatwa kiasi cha kiganja. Mjumbe mmoja aandike majina na kilichorekebishwa, na orodha hiyo itumike tena Juni kwa kuwatembelea watu wale wale katika jumuiya zao.

Miwani iliyovunjika kabisa isitupwe. Ileteni ofisi ya parokia ndani ya bahasha, kwa sababu skrubu na mikono yake huweza kuifaa nyingine.

Maswali tutayapokea kabla ya chai.