Sadaka ya Tumbaku

Asubuhi hii twataka kuzungumza nanyi habari za tumbaku, nasi tutaanza kwa kuungama.

Kwa miaka mingi sisi wahubiri tumewakemea wavutaji wa sigara. Lakini tulipokwenda Migori na Kuria, msimu wa mauzo ya tumbaku, tulipokea sadaka kwa furaha, kapu likajaa, wala hatukuuliza neno.

Kama tungaliuliza, tungaliambiwa. Majani mabichi ya tumbaku yakiwa na umande hutoa nikotini, nayo hupenya katika ngozi ya mvunaji. Ndipo huja kichefuchefu, kizunguzungu na kutapika. Mama huvuna hali amebeba mtoto mgongoni. Wengine huwaachisha watoto shule ili wafunge majani, na miti hukatwa kwa kuni za kukaushia. Kisha deni la mbolea na dawa hukatwa, na baba hurudi nyumbani na kidogo sana.

Na mvutaji je? Tangu 1950 Richard Doll na Bradford Hill wa Uingereza walionyesha jinsi sigara inavyofungamana na saratani ya mapafu. Leo Shirika la Afya Duniani lasema tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, na katika hao zaidi ya milioni 1 hawavuti, ila huvuta moshi wa wenzao. Kenya ilipitisha sheria ya kuzuia tumbaku mwaka 2007. Ni sheria njema, ingawa vijana wetu bado hununua sigara mojamoja vibandani.

Mwaka 2022 Serikali na mashirika ya Umoja wa Mataifa yalikuwa yakiwasaidia wakulima wa Migori kuacha tumbaku na kupanda maharagwe yenye madini mengi ya chuma. Mzee mmoja wa kanisa alituuliza, “Kasisi, karo ya Januari nitailipa kwa maharagwe?” Hatukuwa na jibu la upesi. Tuliketi naye na mkewe, tukahesabu madeni hadi taa ikaisha mafuta.

Akapanda ekari moja ya maharagwe, akabakiza nusu ekari ya tumbaku mpaka deni liishe. Wengine walinung'unika kwamba tulimruhusu. Jumapili iliyopita alileta debe la maharagwe kanisani, nasi tulilipokea. Nusu ekari ile bado ipo.