Watu wa Dirisha la Dawa Kabla ya Miezi ya Baridi

Hotuba iliyosomwa na karani wa chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Halmashauri imetuagiza sisi wa afisi tulete mbele yenu jambo moja tu, nalo ni habari ya watu watakaotoa dawa katika zahanati yetu wakati wa miezi ya baridi inayokuja. Huenda mtu akauliza, "Leo ni Februari, na jua ni kali, baridi ya Juni yatuhusu nini?" Twajibu ya kwamba jua hili ndilo linalotupa nafasi. Mtu haezeki nyumba mvua ikiwa imekwisha kuanza.

Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe. Homa ya mafua si yale mafua madogo ya kupenga kamasi siku mbili, kisha yakaisha. Ni ugonjwa wa virusi, unaomwangusha mtu ghafula kwa homa, kikohozi kikavu, kuumwa na kichwa na maumivu ya mwili mzima. Wengi hupona kwa muda wa juma moja hivi. Lakini wazee, watoto wadogo walio chini ya miaka 5, waja wazito, na wenye pumu, kisukari au ugonjwa wa moyo, huweza kuingiliwa na homa ya mapafu, na wengine hufa.

Nchi yetu imekwisha kuona nguvu za ugonjwa huu. Mwaka 1918, vita vya kwanza vya dunia vilipokuwa vinakaribia kwisha, homa ya mafua ilifika Mombasa kwa njia ya bahari, ikapanda bara pamoja na reli, ikaingia katika vijiji ambavyo havikuwa na zahanati wala mtu wa kutoa dawa. Ajabu ya homa ile ni kwamba iliwaua kwa wingi watu wenye nguvu, wa umri wa miaka 20 hadi 40, yaani wale wale waliotazamiwa kuwauguza wengine. Tena mwaka 2009 aina mpya ya homa hiyo ilizunguka dunia nzima, na Kenya nayo ikafikiwa katikati ya mwaka huo huo. Hatuyataji haya kwa kutaka kuwatia hofu. Twayataja kwa sababu yana fundisho moja: maradhi haya hayamchagui mgonjwa akamwacha mganga.

Sasa tuangalie majira. Katika nchi za kaskazini kama Uingereza, homa ya mafua huja na majira yao ya baridi, na watu huijua kama wajuavyo siku ya Krismasi. Kwetu sivyo. Kenya imepitiwa na ikweta, na virusi hivi hupatikana mwaka mzima. Tena huweza kuzidi zaidi ya mara moja katika mwaka mmoja. Illakini huku nyanda za juu twajua ya kwamba Juni, Julai na Agosti ni miezi ya ukungu. Watu hufunga madirisha, na jamaa hukaa pamoja katika chumba kimoja wakiota moto. Watoto nao huwa madarasani katika muhula wa pili, na aliyeambukizwa shuleni asubuhi huleta ugonjwa nyumbani jioni. Tangu mtu kuambukizwa hata kuugua ni siku 1 hadi 4 tu. Kwa hiyo foleni ya zahanati haikui polepole kama mahindi. Huota usiku mmoja kama uyoga.

Hapo ndipo twataka tufanye hesabu pamoja nanyi. Tuseme kwamba kumhudumia mgonjwa mmoja dirishani huchukua dakika 6: kukisoma cheti cha daktari, kuhesabu vidonge, kuandika maelezo juu ya pakiti, na kumweleza mwenyewe namna ya kutumia. Basi mtu mmoja atawahudumia watu 10 kwa saa, na kwa saa 7 za kazi ni watu 70. Watoa dawa wawili watahudumia 140. Ikiwa siku ya baridi watakuja watu 180, watu 40 watarudi nyumbani bila dawa. Na ikiwa mmoja wa watoa dawa naye ameanguka kwa homa ile ile, watakaorudi ni 110. Lakini wakiwapo watatu, uwezo wao ni watu 210. Na hata mmoja akiugua, wawili watabaki na wengi watapata huduma.

Pengine mtu atasema, "Wafanye haraka tu, badala ya dakika 6 watumie 3." Wazee wetu, hapo ndipo penye hatari. Mwenye haraka hapunguzi kuhesabu vidonge, kwa maana lazima vihesabiwe, hupunguza maneno. Na maneno hayo ni sehemu ya dawa. Mama asipoelezwa, atampa mtoto parasetamoli ya homa, kisha ampe na dawa ya mafua ya dukani ambayo ndani yake mna parasetamoli vile vile, na dozi ikizidi mno huliharibu ini. Mwingine atampa mtoto aspirini, ambayo haifai kwa watoto wenye homa ya mafua. Mwingine atadai antibayotiki, hali antibayotiki haiui virusi; na kuitumia ovyo huvifundisha vijidudu vingine kuishinda. Mambo haya yote huzuiwa na mtu mwenye elimu ambaye ana nafasi ya kusema dakika mbili na mgonjwa.

Wala mtu wa namna hiyo haokotwi njiani. Sheria ya nchi, Sura ya 244, inayohusu famasia na sumu, yataka kazi hii iwe mikononi mwa mfamasia aliyesajiliwa au mtaalamu wa dawa mwenye stashahada aliyeandikishwa, tena mwenye leseni. Vijana wa stashahada husomea miaka mitatu katika vyuo kama vile KMTC. Kumtafuta mtu kama huyo, kuzitazama hati zake, na kumzoesha kabati letu na vitabu vyetu si kazi ya siku moja. Mwenye kuanza kumtafuta mwezi wa Julai atakuta kila zahanati inamtafuta yeye yule.

Kwa hiyo halmashauri yaleta mbele yenu mashauri matano.

La kwanza ni likizo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mfanyakazi likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa kila mwaka, pamoja na malipo yake. Hiyo ni haki yake, wala hatutaki kumnyima. Twaomba tu ya kwamba watoa dawa wapatane nasi mapema, wapumzike kati ya Machi na Mei, ili Juni iwakute wote kazini nao wakiwa na nguvu.

La pili ni kuajiri mtoa dawa mmoja wa muda, mwenye leseni, tangu katikati ya Mei hadi mwisho wa Agosti. Majuma mawili ya kwanza yatakuwa ya kujifunza mahali na desturi za kazi yetu.

La tatu ni chanjo. Wafanyakazi wote wa zahanati wachanjwe homa ya mafua kabla ya Mei kwisha, kwa sababu mwili huhitaji majuma mawili hivi kupata kinga. Pamoja na hayo, mfanyakazi akiugua akae nyumbani, asirudi mpaka homa iwe imemwacha kwa saa 24 bila kutumia dawa ya kuishusha. Wala asikatwe mshahara kwa siku hizo. Tukimkata, atakuja kazini akikohoa, naye atawaambukiza wale waliokuja kutafuta uzima.

La nne ni kugawanya kazi. Kuandika majina, kupanga foleni, kupokea masanduku na kufagia chumba ni kazi za karani na msaidizi. Wenye elimu ya dawa waachiwe dawa. Hata hivyo twaonya: msaidizi asiguse kamwe kazi ya kutoa dawa, hata foleni ikifika barabarani.

La tano ni kuwatenga wale wanaokuja kila mwezi kwa dawa za shinikizo la damu na kisukari. Wengi wao ni wazee. Daktari akiridhika, wapewe mwezi wa Mei dawa za kutosha miezi miwili au mitatu, ama wawekewe siku yao peke yao, wasisimame katika foleni moja na wanaokohoa.

Zaidi ya hayo, sisi wa afisi tutahesabu kila jioni wagonjwa wa homa na kikohozi walioandikwa kitabuni. Dalili ya mvua ni mawingu. Hesabu ikipanda siku tatu mfululizo, hata kama si mwezi wa Juni, tutampasha Mwenyekiti habari mara moja, ili mpango huu uanze bila kungoja kalenda.

Bwana Mwenyekiti, limebaki neno gumu, nalo ni fedha. Chama hiki kiliundwa ili mwenzetu akifa mbali na kwao asizikwe kama mtu asiye na ndugu. Desturi hiyo ni njema, wala hatusemi ipunguzwe hata senti moja. Lakini tazameni vitabu vyetu. Twatoa bila kunung'unika fedha za sanduku na za gari la kumrudisha marehemu nyumbani. Bali mshahara wa mtu ambaye angempa mwenzetu yule dawa kwa wakati haujapigiwa kura katika mkutano huu hata mara moja. Wako wazee watakaosema ya kwamba mshahara ni mzigo, na ya kwamba Agosti ikipita mtu huyo atakuwa amekaa bure ikiwa ugonjwa haukuja. Twawajibu kwa adabu: na iwe hivyo. Mlinzi wa usiku hatumnyimi ujira wake kwa sababu mwizi hakuja.

Mweka hazina atawasomea kiasi cha fedha kinachohitajika kwa miezi hiyo mitatu na nusu, na namna kitakavyogawanywa kwa wanachama wote juu ya mchango wa kawaida. Mkono mmoja haulei mwana, na watoa dawa wawili hawawezi kuwatunza watu wote wa chama hiki siku ambayo nusu ya nyumba zetu zina mgonjwa. Twawaomba mpige kura leo, kabla hatujatawanyika, kwa maana mkutano mwingine kama huu hautakuwapo mpaka mwaka ujao, na baridi haitatungoja.