Hesabu Huanzia Mkononi

Mtoto wa miaka mitatu anaweza kutaja moja hadi kumi bila kukosea, na bado akawa hajui kuhesabu. Akiambiwa alete visoda vitano kutoka kwenye rundo, huchota konzi nzima na kuleta. Anachokijua ni wimbo wa maneno kumi yanayofuatana. Kuhesabu kunataka zaidi ya hapo. Kila kitu kipewe namba moja, kisirukwe wala kuguswa mara mbili. Namba zifuatane kwa mpangilio uleule kila siku. Na namba ya mwisho kutajwa ndiyo iwe idadi ya vitu vyote. Kanuni hizi tatu zilifafanuliwa mwaka 1978 na wanasaikolojia wa Marekani, Rochel Gelman na C. R. Gallistel, wakaongeza na nyingine mbili: kwamba chochote huhesabika, kiwe kiatu, kuku au kofi lililopigwa, na kwamba ukianzia kulia au kushoto, idadi haibadiliki.

Kanuni ya namba ya mwisho ndiyo inayochelewa kuingia. Mwalimu huibaini kwa swali fupi. Mtoto akishahesabu visoda saba, aulizwe, "Viko vingapi?" Anayejibu "saba" amefika. Anayeanza tena, moja, mbili, tatu, bado. Huyo hasaidiwi kwa kukaririshwa hadi mia. Apewe vitu vichache, vitano au sita, na kila anachokihesabu akisogeze upande wa pili, ili macho yaone kilichohesabiwa na kilichobaki.

Vihesabio havinunuliwi. Kokoto, mbegu za ukwaju, vijiti vya fagio na visoda vinatosha darasa zima. Michezo nayo imo mitaani. Katika mdako, mtoto hurusha jiwe juu na kuchota mengine kabla halijatua, kwanza moja moja, kisha mawili mawili, kisha matatu matatu. Hapo tayari anagawa mafungu. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na mchezaji anayesambaza kete huacha moja katika kila shimo, wala haruhusiwi kuruka. Vidole pia ni vihesabio halali. Kumkataza mtoto wa darasa la kwanza kuvitumia ni kumnyang'anya zana ambayo hawezi kuisahau nyumbani. Ataviacha mwenyewe siku atakapopata njia ya haraka zaidi.

Baada ya vitu huja picha, na baada ya picha ndipo alama. Mpangilio huu wa kutenda, kuchora na kuandika alama ulielezwa na Jerome Bruner katika miaka ya 1960, na Singapore ikaufanya msingi wa ufundishaji wake wa hesabu tangu miaka ya 1980. Nchini Tanzania, mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulioanza mwaka 2015 ulitanguliza kusoma, kuandika na kuhesabu, yaani KKK. Nafasi hiyo hupotea pale mwalimu anapokimbilia alama ili daftari lijae na mzazi aone kazi. Mtoto aliyeruka hatua mbili za kwanza hunakili vizuri ubaoni, lakini swali likigeuzwa kidogo tu hukwama.

Katika kujumlisha, mtoto hupita ngazi tatu. Kwanza huhesabu vyote. Akipewa 3 jumlisha 9, huweka visoda vitatu, huweka tisa, kisha huanza upya na moja hadi 12. Baadaye hugundua kuwa anaweza kuanza na kubwa: tisa, halafu kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Mwisho hujifunza kutimiza kumi. Katika 8 jumlisha 5, huchukua mbili kutoka kwenye tano, hutimiza kumi, hubaki na tatu, na jibu ni 13. Ngazi hii inahitaji jozi za kumi ziwe zimekaa kichwani: 9 na 1, 8 na 2, 7 na 3, 6 na 4, 5 na 5. Jozi hizo zinastahili kurudiwa kila asubuhi, dakika chache tu, baada ya kuonekana kwa vitu.

Kutoa ni kugumu zaidi kwa sababu kuna sura tatu. Asha ana maembe 8, akatoa 3, amebaki na mangapi? Juma ana 8, Asha ana 3, Juma amemzidi Asha kwa mangapi? Asha ana 3, anahitaji 8, bado mangapi? Zote huandikwa 8 kutoa 3, na jibu ni 5. Darasa linalofundishwa sura ya kwanza peke yake huona swali la pili na kujumlisha, kwa kuwa hakuna embe lililoondoka.

Kisha huja makumi na mamoja. Vijiti kumi hufungwa kwa mpira au uzi vikawa fungu moja la kumi. Namba 24 ni mafungu mawili na vijiti vinne. Kiswahili kinamsaidia mtoto kuanzia kumi na moja hadi kumi na tisa, maana jina lenyewe linataja kumi na kilichoongezwa. Kuanzia ishirini msaada huo hukatika, kwani "thelathini" haionyeshi kuwa ni makumi matatu. Mwalimu ayaseme yote mawili pamoja mpaka yazoeleke. Mkanganyiko mwingine hutokea katika kuandika: mtoto husikia "mia tatu na saba" akaandika 3007, kwa sababu ameandika 300 kisha 7. Hapo ndipo kazi ya sufuri huonekana: katika 307 hakuna fungu la kumi, na nafasi yake haiwezi kuachwa wazi.

Mafungu hayohayo ndiyo maana ya kukopa. Mwanafunzi aliyeandika 52 kutoa 27 ni 35 ametoa 2 kwenye 7 kwa vile 7 ni kubwa. Akipewa mafungu matano na vijiti viwili, akaambiwa aondoe 27, atalazimika kufungua fungu moja. Atakuwa na vijiti 12 na mafungu manne, na atabaki na 25.

Kuzidisha huanzia kwenye mafungu yaliyo sawa. Trei ya mayai ina safu 5 za mayai 6, jumla 30. Trei hiyo ikigeuzwa, safu zinakuwa 6 za mayai 5, na jumla ni ileile. Kugawanya kuna sura mbili: machungwa 12 kwa watoto 3, kila mmoja apate 4, au machungwa 12 yapangwe mafungu ya matatu matatu kama sokoni, yapatikane mafungu 4. Jedwali la kuzidisha likaririwe baada ya hapo. Kukariri kuna faida, maana humpunguzia mtoto mzigo anapofika kwenye maswali marefu, ila aliyekariri bila mafungu akisahau moja hana pa kuanzia.

Mfano wa Recife, Brazil, unaonyesha maana inavyobeba hesabu. Mwaka 1985 Terezinha Nunes Carraher na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watoto watano waliouza bidhaa mitaani. Kwenye biashara walipatia asilimia 98 ya maswali. Hesabu za namna ileile zilipoandikwa kama tarakimu tupu, walipatia asilimia 37. Mmoja aliulizwa bei ya nazi 10, kila moja kruzeiro 35. Alijua tatu ni 105, akaongeza tatu nyingine, 210, akaendelea hadi 350. Shuleni angefundishwa kuongeza sufuri tu mwishoni mwa 35.

Kwa hiyo kosa la mwanafunzi ni taarifa. Alama ya mkasi inaonyesha kuwa amekosa, wala haisemi amekosea wapi. Katika darasa lenye watoto wengi, mwalimu anaweza kupanga makundi kwa hatua waliyofikia: wanaohesabu vitu, wanaotimiza kumi, wanaofungua mafungu. Anayeshindwa kwenye alama arudishwe kwenye picha. Akishindwa kwenye picha, arudishwe kwenye vitu. Akielewa hapo, apandishwe tena.