Barua kwa Mwana Aliye Ulaya

Somo letu la asubuhi ya leo ni Yeremia sura ya 29, mstari wa 1 hadi wa 7. Wenye Biblia karibu na wafungue. Walio jikoni au njiani na wasikilize tu.

Hii ni barua. Yeremia aliiandika Yerusalemu, nao Elasa mwana wa Shafani na Gemaria mwana wa Hilkia wakaichukua mpaka Babeli, kwa watu waliohamishwa. Na huko Babeli, kama tusomavyo katika Danieli sura ya 1, walikuwako vijana waliowekwa masomoni: miaka mitatu ya elimu na lugha ya Wakaldayo, chakula kutoka meza ya mfalme, na majina mapya ambayo mama zao hawakuwapa. Barua ile haiwaombi kitu. Inawaambia wajenge nyumba, wapande bustani na kula matunda yake, waoe na kuolewa, wauombee mji ule walimo. Hakuna mstari unaouliza watarudi na nini.

Leo wako vijana wa Kitui na Makueni walio masomoni Uingereza, Ujerumani na kwingineko Ulaya. Wengi wao tuliwasindikiza kwa maombi. Tunazikumbuka harambee zao: mbuzi wa Mutomo, magunia ya ndengu, maembe yaliyouzwa kwa dalali kabla hayajaiva, akina mama wa kanisa wakitoa shilingi mia mia. Kijana akapanda ndege, na tangu hapo mazungumzo yote ni ya simu.

Sisi wachungaji huonyeshwa ujumbe unaokwenda na unaorudi, maana ugomvi ukizuka huletwa kwetu. Ule unaokwenda husema mabati, karo ya mdogo wake, matanga ya mjomba. Ule unaorudi husema, "Niko salama, Mungu ni mwema," pamoja na picha ya kijana amesimama kwenye theluji akitabasamu. Tunaogopa kwamba picha hiyo ndiyo iletayo taabu nyingi kuliko yote.

Basi tuieleze siku yake, kwa kuwa nasi tulisoma huko kwa muda tukayaona. Mwezi wa Desemba mjini London jua huchomoza kama saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni. Sisi tuliozaliwa karibu na ikweta, ambako mchana na usiku ni ndugu wa kimo kimoja, hatuwezi kulizoea jambo hilo upesi. Kijana huamka gizani na kurudi gizani. Chumba chake kina kitanda, meza na dirisha. Jiko ni la watu sita, na kila mmoja ana rafu yake. Unga wa mahindi hupatikana katika maduka machache na bei yake si ya kila siku, kwa hiyo ugali huwa wa Jumamosi. Muthokoi ni wa ndotoni.

Anapanda basi na kuwasalimu abiria wote, kama ilivyo desturi yetu, nao wanamtazama kana kwamba amepatwa na homa. Darasani mwalimu mwenye mvi anataka aitwe kwa jina lake la kwanza. Kijana wa Kikamba atalitamkaje? Tena mwalimu huyo hataki kurudishiwa maneno aliyofundisha, humwuliza mwanafunzi, "Wewe mwenyewe unaonaje?" Swali hilo huchukua mwaka mzima kulizoea, na tunaungama kwamba ni swali zuri.

Jioni huenda kazini. Sheria ya Uingereza humruhusu mwanafunzi wa digrii kufanya kazi isiyozidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Huosha vyombo, hufagia ofisi, au huwaogesha wazee katika nyumba za kutunzia wazee. Ada anayolipa ni kubwa kuliko ya mwenyeji. Huku nyumbani watu huizidisha pauni kwa shilingi wakaona utajiri, lakini yeye mkate wake anaununua kwa pauni, na chumba analipia kwa pauni.

Yuko kijana mmoja wa upande wetu, hatutamtaja. Alipoelemewa na madai, akaongeza kazi ya usiku kupita saa alizoruhusiwa, akawa analala darasani, akaanguka mtihani. Hakuiba wala hakulewa. Aliona haya tu. Kwa miezi minane hakupiga simu, na mama yake akaja kanisani kutuuliza kama inampasa aanze kuomboleza.

Tulishauriana naye kwa muda. Kisha akamwandikia mwanawe kwa Kikamba, neno moja tu: leo umekula nini? Asubuhi yake akapata jibu refu kuliko barua zote alizowahi kupokea. Mlikuwamo jina la ugonjwa aliokuwa nao, deni la chumba, na mtihani ule. Mabati hayakutajwa na yeyote.

Kikamba, ndugu zetu, si kitu kidogo ng'ambo. John Mbiti alizaliwa Mulango, hapa Kitui, mwaka 1931. Alisoma Alliance, kisha Makerere, kisha Marekani, na mwisho Cambridge, ambako alipata udaktari mwaka 1963. Angeweza kuchukua somo lolote linalowapendeza Wazungu. Yeye akachunguza jinsi Wakamba walivyoyapokea mafundisho ya Agano Jipya juu ya mambo ya mwisho, na jinsi watu wetu wanavyohesabu wakati. Kazi hiyo ilitoka kuwa kitabu mwaka 1971. Fikirini kijana katika maktaba yenye baridi, kalamu mkononi, akiyapima maneno ya mama yake wa Mulango!

Kasisi huyo aliishi Uswisi miaka mingi. Aliiongoza taasisi ya Bossey, akafundisha Chuo Kikuu cha Bern, akachunga kanisa la Burgdorf, na huko ndiko alikofariki Oktoba 2019. Wako wanaosema kwamba mtu wa namna hiyo alipotelea Ulaya. Lakini mwaka 2014 lilitoka Agano Jipya la Kikamba alilolifasiri mwenyewe kutoka Kiyunani. Danieli aliyafungua madirisha ya chumba chake kuelekea Yerusalemu, naye Mbiti, tunadhani, aliyafungua kuelekea Mulango.

Hatusemi mtoto asisaidie nyumbani. Yusufu aliwalisha ndugu zake, lakini aliwalisha baada ya ghala kujaa, si siku ile aliyofika Misri. Mwanafunzi bado yumo shimoni au gerezani, kwa namna ya kusema. Ghala lake halijajengwa. Mzazi amwulize habari za mwalimu wake, za jirani wa rafu ya pili, za kanisa analoabudu. Amwulize kama koti linatosha. Amwambie mvua imenyesha au haijanyesha, mbuzi yupi amezaa, nani ameolewa Zombe. Habari hizo hazigharimu kitu, na yeye huzisoma mara tatu.

Saa za Uingereza ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu wakati wa baridi, na kwa saa mbili wakati wa kiangazi chao. Mkimaliza sala ya jioni leo saa mbili, kwake, ikiwa ni majira ya baridi, itakuwa saa kumi na moja, giza limeingia, naye anatoka darasani kwenda kungoja basi la kazini. Hapo ana dakika chache. Mpigieni.