Mzee Anapokosa Maneno Baada ya Kiharusi

(Hotuba ya muuguzi mstaafu, mzaliwa wa Upare, katika mkutano wa mwaka wa chama chetu, Dar es Salaam)

Kamati imeniomba nizungumzie jambo moja la afya kabla ya harambee. Nimechagua hili kwa sababu tukipanda milimani Desemba, wengine wetu tutalikuta nyumbani: mzazi aliyepata kiharusi, miguu imeanza kurudi, maneno hayarudi.

Madaktari huiita hali hiyo afasia. Kwa watu wengi lugha hukaa upande wa kushoto wa ubongo. Mshipa wa huko ukiziba au ukipasuka, mtu hupoteza njia ya kulifikia neno, na mara nyingi mkono wa kulia hupooza pia. Anataka makande, anasema "mlango". Mwenyewe anajua amekosea, ndipo machozi yanapomtoka.

Mwaka 1861, huko Paris, daktari Paul Broca alimpima mgonjwa aliyekuwa amekaa hospitalini zaidi ya miaka 20, akijibu karibu kila kitu kwa sauti moja, "tan". Lakini alielewa mengi aliyoambiwa, alijibu kwa ishara, na akikasirika tusi lilimtoka sawasawa. Hata kwetu iko hivyo. Mama anashindwa kutaja jina la mwanawe, ila ukianza wimbo wa kanisani au dua aliyoizoea, anaumaliza nawe. Msidhani anajifanya.

Wapo wa namna nyingine, aliowaeleza Carl Wernicke mwaka 1874. Hao maneno yanatiririka lakini hayashikamani, na unachowaambia hawakielewi vizuri. Ndio tunaosema wamerogwa.

Sasa nifike ninapotaka kufika. Wapare tunasemwa kwa kupenda kesi, na kesi nyingi ni za mashamba. Mzee aliyepanda masale ya mpaka kwa mkono wake akikosa maneno, hazipiti wiki nyingi anatokea mtu na karatasi. "Mzee hana akili tena, mshike dole gumba aweke." Nimeyaona hayo. Kukosa maneno si kukosa akili. Kabla hajawekwa dole, aulizwe, na aulizwe kwa njia anayoweza kujibu.

Njia yenyewe haina gharama. Zimeni redio, azungumze mtu mmoja. Msipige kelele, si kiziwi. Uliza swali la ndiyo au hapana, kisha ligeuze: "Shamba la bondeni ni la Juma?" Baadaye, "Shamba la bondeni si la Juma?" Majibu yakigongana, bado hamjaelewana, mpelekeni shambani aonyeshe kwa kidole. Kalamu isiwe tegemeo, maana kuandika nako mara nyingi kunaharibika. Na msubirini. Kusubiri ndiko kunakotushinda sisi tunaotoka mjini na tiketi ya kurudi Jumapili.

Mjaribuni kwa Chasu pia. Mara nyingi lugha zote za mtu huumia pamoja, lakini kwa wengine moja hutangulia kurudi, na huenda ni ile ambayo wajukuu wa Dar hawaijui.

Vijana wa bodaboda, yenu ni tofauti kidogo. Aliyeumia kichwa anaweza kutamka vizuri kabisa, lakini anapoteza mwelekeo wa mazungumzo, anasahau alichoulizwa, watu wengi wakiongea pamoja anawaka hasira. Mnamwita mkorofi. Vaeni helmeti, na kamba ifungwe.

Uso ukipinda, mkono ukilegea au usemi ukivurugika ghafla, ni hospitali saa hiyo hiyo. Usimpe uji wala maji kabla hajapimwa kumeza, yanaweza kuingia mapafuni. Maneno hurudi kwa kasi zaidi miezi ya mwanzo, ila nimeona mtu akiongeza maneno mwaka wa tatu, kwa mazoezi ya kila siku na mjukuu wake.

Wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache nchini, hatuwezi kumleta mmoja kijijini. Tunachoweza ni kupima presha, kwa kuwa ndiyo chanzo kikubwa cha viharusi. Mweka Hazina atawaeleza: fedha za mwaka huu ni za mashine za presha za zahanati yetu, na nauli za wagonjwa kwenda KCMC, Moshi. Mimi natoa mashine moja. Mwenyekiti, endelea kuita majina.