Saa Kwenda Mbele, Saa Kurudi Nyuma



Nimeombwa niseme machache juu ya Aberdeen, Uskoti, ninakofanya kazi ya uuguzi. Nitasema juu ya saa tu. Kwetu hapa jua huchomoza karibu saa kumi na mbili mwaka mzima. Kule, Jumapili ya mwisho ya Machi saa husogezwa mbele, na ya mwisho ya Oktoba hurudishwa nyuma. Usiku huo wa Oktoba sisi wa zamu hufika saa nane, mara ikawa saa saba tena! Oktoba moja nilisahau kabisa, na mama, aliyezoea simu yangu saa tano ya Jumapili, akangoja mpaka adhuhuri akidhani nimefikwa na jambo.

Mwaka 2019 Bunge la Ulaya lilipiga kura 410 kwa 192 desturi hiyo ikome, lakini serikali hazijaafikiana ibaki saa ipi. Hapo ndipo penye ugomvi. Uingereza iliwahi kujaribu saa ya mbele mwaka mzima, kuanzia 1968 hadi 1971. Katikati ya baridi, Aberdeen jua lilichomoza karibu saa tatu na dakika arobaini na tano. Watoto wakaenda shule gizani. Desemba 1970 wabunge waliikataa kwa kura 366 dhidi ya 81.

Mimi nataka mabadiliko yakome, ila ibaki saa ya baridi. Wenzangu kazini hupenda jioni ndefu, nasi hubishana kila Machi.